Gemu bora ni ile yenye foleni



Katika toleo lililopita, rafiki yangu tuliyeishi naye Kakuma 3 miaka sita, na ambaye sasa yuko Marekani, alituandikia orodha ya gemu zake tano bora za maisha. Ya kwanza, The Last of Us. Ya pili, God of War ile ya 2018. Ya tatu, Red Dead Redemption 2. Ya nne, GTA San Andreas. Ya tano, FIFA. Halafu akamalizia kwamba Winning Eleven ilikuwa gemu ya shida, eti tuliipenda kwa sababu hatukuwa na nyingine.

Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Huyu ni ndugu yangu. Amesema mbele za watu, basi nami namjibu mbele za watu.

Kwanza, mtu akisema "bora" aseme anapima kwa kipimo gani. Yeye anapima picha, sauti na hadithi. Sikatai. Nimeona kwenye simu ile God of War, baba na mwanawe wanabeba majivu ya mama kuyapeleka kwenye kilele cha juu kuliko vyote. Ni hadithi nzuri. Lakini hadithi nzuri hata sinema inayo. Gemu ni kitu cha kuchezwa.

Mimi nina maswali manne, na niliyapata bandani. Moja: jenereta ikizima katikati, nimepoteza nini? Pili: mtoto aliyefika juzi kutoka Fizi ama Juba, asiyejua Kiingereza hata neno, ataweza kucheza leo leo? Tatu: pedi ni mbili tu, je, wale kumi na watano nyuma ya benchi nao wanafurahi? Nne: aliyefungwa leo anaweza kuamini kwamba kesho atafunga?

Kwa maswali hayo, orodha yangu ni hii.

Ya tano ni San Andreas, ya 2004. Hapo tunakubaliana nusu. CJ anarudi Los Santos kumzika mama yake na kukuta mtaa umeharibika. Sisi wa hapa hatuhitaji mtu wa kutufafanulia hilo. Lakini tuseme ukweli: nani bandani kwetu amewahi kuimaliza? Misheni zote zinaelezwa kwa Kiingereza, tena cha haraka. Watoto wanabonyeza zile siri za kupata silaha na pesa, wanaiba pikipiki, dakika zinaisha. Wanazurura tu ndani ya gemu wasiyoielewa.

Ya nne ni Super Mario Bros, ya 1985. Niliicheza Uvira kwa jirani kabla hatujakimbia. Unakwenda kulia, unaruka, ukianguka unaanza tena. Hakuna lugha pale. Bibi yangu aliitazama dakika mbili akaanza kunielekeza.

Ya tatu ni Tekken 3. Hapa nakiri aibu. Mdogo wangu wa kike aliingia bandani siku moja kuniita nyumbani, akapewa pedi kwa utani. Akamchagua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, akabonyeza vitufe ovyo ovyo kwa mateke, akawapiga wavulana saba mfululizo. Wa nane akakataa kucheza naye, akasema zamu ya wasichana imekwisha. Zamu hiyo haikuwepo, aliitunga pale pale, nasi wote tukanyamaza. Mimi pia. Gemu yenyewe ilikuwa ya haki kuliko sisi.

Ya pili ni Nyoka wa Nokia 1100, ile ya tochi. Mtacheka. Lakini jenereta ikizima, yeye hajui. Chaji inakaa siku kadhaa. Mama yangu, ambaye mpaka leo anaita gemu kazi ya shetani, ndiye mwenye rekodi ya Nyoka katika ukoo wetu. Aliipata kwenye foleni ya mgao. Nikimwambia, anasema ile si gemu, ni simu.

Ya kwanza ni Winning Eleven. Hata kama kwenye CD imeandikwa Pro Evolution Soccer, sisi tunaita Winning na tunaelewana.

Sasa nikujibu, ndugu yangu. Unasema gemu ya shida. Kumbuka Master League. Huanzi na Ronaldinho, wala na mguu wa kushoto wa Adriano. Unaanza na Castolo, Minanda, Ximelez, na Ivarov golini. Watu hao hawapo duniani. Hakuna klabu iliyowahi kuwataka. Hawana kasi na mashuti yao hayaogopwi, lakini ndio uliopewa, na ligi inaanza nao. Wewe na mimi tulishinda ligi na Castolo, kwa memori kadi moja, kila mmoja mechi moja kwa zamu, shilingi 10 kwa mechi. Hatukushinda kwa sababu hatukuwa na gemu nyingine. San Andreas ilikuwepo kwenye boksi lile lile la CD. Tuliichagua Winning kila siku kwa macho yetu.

Tena yajibu yale maswali manne. Umeme ukikatika, umepoteza mechi ya dakika 10, Papa mwenye banda anairudia bila malipo. Lugha? Mpira hauhitaji. Kwenye benchi letu walikaa Wakongo, Wasudan Kusini, Wasomali na Waethiopia, na neno la pamoja lilikuwa "gooo!" Wanaosubiri wanafurahi kuliko wanaocheza, kwa sababu wao ndio makocha. Na aliyefungwa 5 kwa 0 anatoka akilalamika kuhusu pedi, anarudi kesho.

Tazama orodha yako tena. Zile nne za kwanza ni hadithi za mtu mmoja na pedi moja. Uliniambia kwa simu kwamba huko umeme hauzimi na hakuna mtu wa kukusumbua umwachie pedi. Ulisema kama sifa. Mimi nilisikia kitu kingine, na sikukuuliza siku ile, nikaogopa. Nakuuliza hapa: unacheza na nani?

Sasa nageukia wafanyakazi wa mashirika, maana najua mnasoma gazeti hili. Katika mkutano mmoja wa wazazi ilisemwa kwamba mabanda ya gemu yafungwe, na badala yake watoto wapewe gemu za kuwafundisha. Tumeshaziona hizo. Shirika moja lilileta tableti zenye gemu ya kuhesabu ndoo na kunawa mikono. Watoto waliimaliza kwa siku moja, kisha wakauliza kama ndani yake kuna mpira.

Sisemi malalamiko ya wazazi ni ya uongo. Wapo watoto wanaotoroka darasa. Wapo wanaouza kikombe cha mahindi ya nyumbani ili wapate hela ya mechi. Hilo ni baya na silitetei. Lakini dawa yake ni saa, si kufuli: mtoto mwenye yunifomu asiingie kabla ya saa kumi jioni, na mwenye banda anayevunja sheria hiyo asimamishwe. Na wiki ziwe na siku ambayo wasichana ndio wenye zamu, si kwa hisani ya wavulana.

Na kama mnataka kujua gemu inaweza kumfikisha mkimbizi wapi, mtazameni Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 akamnunulia kompyuta ya dola 300. Alikuwa akitembea masaa 3 kwenda kuichaji. Baadaye alitengeneza gemu yake, Salaam, ambamo unamwongoza mkimbizi anayekimbia vita akihitaji maji na chakula. Sasa gemu iliyomfungua macho ilikuwa ipi? GTA Vice City! Hakuna aliyempa somo la ndoo. Alicheza kitu ambacho watu wazima wangekifungia, akakikosoa mwenyewe, akatengeneza cha kwake.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000. Sony waliuza mashine zaidi ya milioni 150, kisha wakaacha kuitengeneza miaka zaidi ya 10 iliyopita. Kwao imekufa. Kwetu fundi anaifungua, anapuliza vumbi, anasafisha lenzi kwa kitambaa, na jioni inafanya kazi. Anayesema ni gemu ya shida aseme pia kwamba tumejua kuitunza.

Ndugu yangu, ile memori kadi uliyoniachia usiku wa kuamkia safari yako ninayo. Timu yetu bado imo. Ninaicheza na mtoto wa jirani, amefika mwaka jana, hasemi sana, ila pasi zake ni safi. Jina la timu hatujabadilisha.

Wengine wote, nipingeni toleo lijalo. Lakini anayetaka kuiondoa Winning Eleven namba moja asiniandikie tu. Aje bandani na shilingi 10 yake, akae kwenye benchi, asubiri zamu.