Gari la Mwisho



Wapendwa, vijana wa parokia wametujia wakiomba baraka ya safari: msafara wa magari hadi Ziwa Natron, kwa njia ya mawe. Baraka tumeitoa, lakini kwa sharti moja ambalo limezua manung'uniko hapa Nyakato. Gari lenye nguvu kuliko yote, pamoja na dereva aliye hodari kuliko wote, litakwenda nyuma ya mengine yote. Wapo walioona kwamba tumemshusha mtu hadhi. Tunaona yafaa tueleze.

Julai 2019 tulikwenda huko sisi wenyewe pamoja na familia chache za jumuiya zetu, magari manne. Tulipita Serengeti na Ngorongoro bila taabu ya kusimulia. Taabu ilianza tulipoiacha lami pale Mto wa Mbu na kushika njia ya kaskazini kupitia Engaruka: zaidi ya kilomita 100 za mawe meusi ya volkano, makorongo makavu, na majivu laini kama unga uliopepetwa. Sisi watu wa Ziwa, tuliozoea kuona maji kila tugeuzapo shingo, tulinyamaza garini kama watu walio msibani.

Katika njia ya namna ile vumbi ndilo linalotenganisha watu. Dereva wa pili haoni kitu, hivyo hujivuta nyuma ya vumbi la wa kwanza. Wa tatu hujivuta zaidi. Na wa nne hubaki peke yake na Mungu wake. Nasi tulikuwa tumemweka mwisho kijana aliyepata leseni karibuni, mwenye gari dogo kuliko yote. Kwa kuwa gari lake lilikuwa na nafasi, tulimpakilia pia bibi mmoja mzee na madumu yote ya maji.

Mnakwisha kubahatisha. Tuliposimama kunywa maji, ndipo tulipotambua kwamba magari ni matatu. Simu hazikuwa na mtandao. Tulirudi kwa zaidi ya saa nzima tukiwa na koo kavu, tukamkuta kijana amepasukiwa tairi na jeki yake imezama majivuni. Bibi alikuwa ameketi chini ya mgunga. Akatuambia kwa upole, "Baba, tulijua mkipata kiu mtatukumbuka."

Maneno yale yalituchoma kuliko jua la siku ile.

Tulipofika Engare Sero tulipelekwa kuziona nyayo za kale, zaidi ya 400, zilizokanyagwa katika majivu ya volkano yakaganda, kati ya miaka 19,000 na 6,000 hivi iliyopita. Wakati ule tulizitazama kama watalii. Baadaye tukasoma utafiti uliochapishwa mwaka 2020: kundi moja la watu 17, wengi wao wakiwa wanawake, lilielekea kusini magharibi pamoja, kwa mwendo unaolingana. Zipo pia nyayo za watu sita walioelekea kaskazini mashariki, kila mmoja na kasi yake, na watafiti wanaona kwamba hao huenda hawakuwa na safari moja. Kwa hiyo hata majivu hujua kutofautisha msafara na watu waliokuwa tu katika njia moja. Tukijipima kwa kipimo hicho, kabla ya lile tairi kupasuka sisi tulikuwa watu wa aina ya pili.

Waisraeli jangwani walijifunza jambo hili kwa gharama. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinakumbusha kwamba Waamaleki hawakuwapiga waliotangulia, bali wale waliochoka na kubaki nyuma. Tena katika kitabu cha Hesabu, kabila la Yuda lenye wanaume wa vita 74,600 liliongoza, na kabila la Dani lenye wanaume wa vita 62,700, la pili kwa wingi, liliwekwa mwisho kabisa kulinda nyuma. Wadogo walitembea katikati. Sisi kwa kawaida hufanya kinyume: mbele tunamweka mwenye gari zuri ili aonekane, nyuma tunamwacha atakayeweza.

Basi sharti letu halikutungwa kumwonea mtu. Tumeongeza na jingine: kila dereva asiipite njia panda, wala asishuke korongoni, kabla hajaliona gari linalomfuata katika kioo chake, hata kama ni kusimama robo saa juani.

Juzi ndugu yetu aliyepewa nafasi ya nyuma alikuja ofisini, akauliza kama kweli atakula vumbi la wenzake siku zote za safari. Tulimjibu kwamba atalikula. Tukampa jeki mbili, pamoja na ubao mpana wa kuweka chini yake. Maji yatagawanywa katika magari yote.