Msiwanyime Watoto Wetu Jana Yao

Mwishoni mwa mwaka nilialikwa kwenye mahafali ya chekechea moja Bunda. Mgeni rasmi, mtu msomi na mwenye kuheshimika, akasimama akawaasa wazazi: watoto wadogo wakazaniwe Kiingereza na kompyuta, habari za historia watazikuta mbele ya safari wakishapata akili ya kuzielewa. Wazazi wakapiga makofi. Maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo.

Yamenikaa kwa sababu si yake peke yake. Pita Musoma, pita Bunda, fika Butiama, utayasikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwenye mimbari: historia ni miaka na majina ya watu, mtoto ataikariri akikua. Na hata mtaala wetu mpya, ulioleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, unamsubiri mtoto mpaka darasa la tatu. Nasema wazi kwamba imani hii ni potofu, na inatuharibia watoto.

Historia haianzi na Mkutano wa Berlin. Inaanza siku mtoto anapouliza, "Bibi, na wewe uliwahi kuwa mdogo?" Mtoto aliyeuliza hivyo ameshaingia darasani mwenyewe. Anayekosekana ni mtu mzima wa kumjibu.

Nyumbani kwa mama yangu, Majita, kuna jiwe la kusagia. Katikati limelika likafanya bonde, maana wanawake walioolewa katika mji ule, mmoja baada ya mwingine, walisagia hapo mtama na udaga kabla mashine haijafika kijijini. Mtoto wa dada yangu, wa miaka mitano, aliingiza kiganja katika lile bonde, akakipeleka mbele na nyuma, akauliza nani amelichimba. Mama akamwambia halikuchimbwa, ni kusaga tu. Mtoto hakuamini. Akaomba mtama, akapewa kiganja kimoja, akasaga mpaka jasho likamtoka puani, na unga aliopata haukujaza kijiko. Akamtazama bibi yake kwa macho mapya. Hapakutajwa mwaka hata mmoja, lakini mtoto yule alijua kwamba kabla yake walikuwapo watu, walifanya kazi, na kazi yao imeacha alama anayoweza kuishika. Nionyesheni somo la chekechea lililo bora kuliko hilo.

Wataniambia mtoto hajui kutofautisha mwaka jana na zamani za mababu. Kweli hajui. Na kuhesabu je, alizaliwa anajua? Chukua kamba, mfungishe fundo kwa kila mwaka wa umri wake: mafundo matano. Mfungishe ya mama yake, halafu ya bibi yake, mpaka kamba itoke nje ya mlango wa darasa. Ataona kwa macho yake umbali wa maisha ya bibi. Mwalimu mmoja aliniambia shule yake haina vifaa. Vifaa gani? Mkoa wetu wa Mara ni wa wavuvi, vipande vya kamba za nyavu vimezagaa kuanzia Mwigobero hadi Majita!

Na wapo wanaosema historia haina ajira. Mtoto wa miaka mitano, meno ya utotoni hayajang'oka, tunamtafutia ajira! Watu hawa hawa wanalipia joho na kofia ya mahafali, nguo ya kuvaliwa asubuhi moja na kurudishwa kwa mkodishaji mchana, halafu wakiambiwa wachangie basi la kuwapeleka watoto Butiama wanasema hali ni ngumu. Kutoka Bunda hadi Butiama ni safari ya kwenda na kurudi kabla jua halijazama.

Hasira yangu inazidi kwa kuwa haya yanasemwa Mara, mkoa ambao mtoto hawezi kutembea bila kukanyaga historia. Mwalimu Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, na Shule ya Mwisenge aliingia mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Miaka yote ya kabla ya hapo mwalimu wake alikuwa nani, kama si mji wa baba yake, Chifu Nyerere Burito, na simulizi za Wazanaki? Mtu aliyekuja kuongoza nchi alianza na historia ya nyumbani, kitabu kikaja baadaye. Sisi tunampa mtoto kitabu kwanza, na ya nyumbani hatumpi kabisa. Ikifika 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka, tunawasimamisha watoto juani kusikiliza hotuba ndefu, na tukiwafikisha makumbusho ya Butiama tunawaamuru wanakili maandishi ya ukutani. Waketishwe na bao! Mwalimu Nyerere alilipenda bao. Mtoto akishajua kusogeza kete atauliza mwenyewe huyo mzee alikuwa nani.

Mtoto wa Musoma anakula sangara akidhani yuko ziwani tangu dunia iumbwe. Sangara aliletwa miaka ya 1950, wakati wa mkoloni, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafagia furu wa aina nyingi. Mtume mtoto kwa babu akamuulize swali moja tu: ulipokuwa mdogo mlikula samaki gani? Kesho yake darasa zima wachore samaki wa babu upande mmoja, samaki wa leo upande wa pili. Hapo kuna ukoloni, biashara na mazingira, na kalamu za rangi zinatosha.

Au wapelekwe ufukweni. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilipandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na kina kile kilikuja kupitwa Mei 2020. Mzee awaonyeshe maji yalifika wapi enzi zile, nao waweke jiwe hapo. Kisha waweke jingine pale yalipofika mwaka 2020, ambapo wazazi wao wanapakumbuka. Mtoto atalirukia la kwanza, atalirukia la pili, na ataelewa kwamba palipo pakavu leo palikuwa maji.

Wazee walioyaona maji yale ya 1964 wakiwa watoto sasa wamevuka miaka 65, na wengi wako majumbani hapa hapa Musoma, Makoko, Bweri, Nyasho, Kigera, wamekaa barazani hawana wa kuzungumza naye. Walimu wakuu, andikeni barua wiki hii. Mwiteni mzee mmoja kila Ijumaa, watoto wamwamkie, aketi nao chini ya mti, aje na kitu kimoja cha ujana wake cha kushikwa mikononi. Posho hatadai. Mpeni soda na nauli ya bodaboda.