Chenja ya CD na mbuzi wa kwenye gunia

Ukipita Buyenzi siku ya kazi, kabla hujaona spea utasikia Kiswahili. Katika mitaa ile ya Bujumbura lugha hii na ufundi wa magari vimekaa nyumba moja kwa miaka mingi, na mimi niliyesomea ukimbizini Tanzania nilipafika mara ya kwanza mwaka 2009 nikajiona niko nyumbani kabla hata ya kufika kwetu kijijini. Mafundi wa pale nawaheshimu. Wamerudisha barabarani magari ambayo kwingineko yangeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Lakini heshima isitufunge midomo. Ipo tabia moja katika biashara ya spea, si Buyenzi tu bali Bujumbura nzima, na nadhani hata Kigoma na Dar es Salaam wataitambua. Ni ile ya kumwambia mteja "inaingia tu" kuhusu kitu ambacho muuzaji mwenyewe hajui kimetoka gari gani. Leo naomba tuizungumzie kwa kutumia mfano ambao wengine watauona ni mchezo wa matajiri: chenja ya CD ya Mercedes ya zamani.

Kwa wasioifahamu, chenja ni kile kisanduku ambacho magari ya kifahari ya miaka ya 1990 yalifungiwa, mara nyingi ndani ya buti. Unapakia CD sita ndani ya kasha lake, unafunga, kisha unakaa mbele na kuchagua kwa kubonyeza vitufe vya redio. Chenja yenyewe haiimbi. Inasoma CD na kupeleka sauti kwenye redio, na redio nayo inaipa amri: leta ya tatu, ruka wimbo, nyamaza. Maana yake ni kwamba vitu hivi viwili vinazungumza. Visipojua lugha moja, hakuna muziki.

Baba yangu mdogo ana Mercedes E-Class ya mwaka 1997, iliyotoka Ubelgiji kupitia bandari ya Dar es Salaam. Gari hilo halimsaidii kujivuna. Hulikodisha kubebea maharusi siku za Jumamosi, na ndilo linalolipa karo za wajukuu wake. Lilipofika lilikuwa na redio yake ya kiwandani, lakini chenja ilikuwa imeshanyofolewa njiani, waya zikining'inia ndani ya buti. Mzee ana CD zake za zilipendwa, za Mlimani Park na Msondo Ngoma, na za kwaya. Akataka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kwa sababu anayekodi gari la harusi hulikagua ndani na nje kabla ya kutoa pesa.

Muuzaji mmoja alimtolea chenja safi, yenye nyota ya Mercedes, sita kwa sita. "Mzee, E-Class ni E-Class, hii inaingia tu." Akalipa fedha iliyozidi mshahara wangu wa mwezi. Fundi alipofungua buti, plagi ya gari na tundu la chenja havikuwa hata na umbo moja. Akaniita kwa simu: "Mwanangu mwalimu, wewe unafundisha umeme, njoo uangalie."

Nilichokiona pale kila mnunuzi anapaswa kukijua. E-Class ya umbo lile, ambayo mafundi huiita W210, ilianza kuuzwa mwaka 1995. Zile za mwanzo zinaunganisha chenja na redio kwa waya za kawaida za shaba. Mwaka 1998 kampuni hiyo ilitoa S-Class mpya iliyotumia mfumo uitwao D2B, ambao hautumii shaba katika mazungumzo hayo bali nyuzi za plastiki zinazopitisha mwanga mwekundu. E-Class nayo ikabadilishwa katika kipindi hicho hicho bila kubadili jina. Kisha E-Class iliyofuata, ya mwaka 2002, ikaja na mfumo mwingine wa mwanga uitwao MOST, ambao hauelewani na D2B. Jina moja, nyota moja, lugha tatu. Mzee alikuwa na gari la shaba, akauziwa chenja ya mwanga.

Mwenye BMW asicheke. Series 7 ya miaka ya 1990 inaendesha chenja yake kwa waya, lakini ile ya mwaka 2001 ilihamia kwenye MOST. Ndugu wawili wa tumbo moja ambao hawawezi kusalimiana.

Fundi alitoa ushauri tunaousikia kila siku: tukate plagi, tuunganishe waya kwa waya. Nilimwambia baba mdogo asikubali, naye akanisikiliza. Mwanga hauunganishwi na shaba kwa utepe mweusi. Tena katika magari ya D2B vifaa vimepangwa kwa duara: mwanga unatoka kwenye redio, unapita kila kifaa, unarudi ulikoanzia. Kimoja kikikatika, vyote hunyamaza. Wenye magari hayo ambao redio zao zimekufa ghafla baada ya kutolewa chenja mbovu, wengi wao redio ni nzima. Duara ndilo limekatwa, na kinachohitajika ni kipande kidogo cha kulifunga.

Tuliporudisha chenja dukani tulipewa jibu ambalo msomaji analijua kwa moyo: spea ikishatoka hairudi. Risiti iliandikwa neno moja tu, "radio". Hapo ndipo ninapoona tatizo lilipo. Kosa la kutolingana linaweza kumpata yeyote. Lakini risiti isiyosema kilichouzwa ni mlango uliofungwa makusudi.

Najua nitaambiwa: mwalimu, dunia imehamia kwenye simu, ya nini kusumbukia CD? Ni hoja ya kweli. Vipo vifaa vidogo vinavyochomekwa mahali pa chenja, vikaiambia redio kuwa chenja ipo, kumbe nyuma yake kuna simu. Ni suluhisho zuri, hasa kwa sababu dashibodi haikatwi. Lakini navyo vinatengenezwa kwa kila lugha peke yake: cha shaba ni cha shaba, cha mwanga ni cha mwanga. Asiyejua gari lake linazungumza lugha gani atauziwa kifaa kipya kisichofanya kazi kama alivyouziwa cha zamani.

Na jambo hili haliishii kwenye muziki. Bosch ilitangaza mfumo wa mawasiliano wa CAN mwaka 1986, na tangu hapo injini, giaboksi na breki za magari zimeendelea kuunganishwa kwa kompyuta ndogo zinazopeana habari. Anayekuuzia chenja isiyolingana kwa neno "inaingia tu" ndiye atakayekuuzia sensa ya ABS kwa neno hilo hilo. Chenja ikikataa, unakosa wimbo. Breki zikikosa habari sahihi kwenye mteremko wa Bugarama, na gari limebeba bibi harusi na shangazi zake, ni habari nyingine.

Mimi suala hili linanigusa kwa sababu nyingine pia. Nilijifunza umeme kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya makazi ya Ulyankulu, nikaendelea nao kwa Kiingereza sekondari, na leo naufundisha kwa Kifaransa. Niliporudi, wapo walionitazama kama kifaa kisicholingana. Wapo pia watoto tuliorudi nao ambao walikaa nyuma ya darasa mwaka mzima, wanajua hesabu lakini hawajui swali limeuliza nini. Aliyewasaidia hakuwa yule aliyesema "wataingia tu". Alikuwa mwalimu aliyekaa nao akauliza: umesomea wapi, umefika wapi, unaitaje kitu hiki? Kuuliza kwanza ndiko kunakookoa mtoto, na ndiko kunakookoa fedha ya mnunuzi.

Basi mnunuzi aulize nini? Kwanza, tarehe ya kutengenezwa kwa gari lake, si ile ya kusajiliwa Burundi. Pili, namba ya kifaa. Namba za Mercedes huanza na herufi A ikifuatiwa na tarakimu kumi, na kwa kawaida tatu za mwanzo zinataja familia ya gari ambalo kifaa kilibuniwa kwa ajili yake: 210 kwa E-Class hii, 220 kwa S-Class ya 1998. Isome kwenye kifaa, kisha isome kwenye redio, uziandike. Tatu, fungua buti utazame plagi kabla ya kufungua pochi. Ukiwasha redio na ncha ya waya ikaonyesha mwanga mwekundu, gari lako ni la mwanga. Nne, hakikisha kasha la CD limo, kwa kuwa makasha hayaazimani hovyo. Tano, nenda na CD halisi ya kujaribia. Chenja nyingi za zamani hazisomi CD za kuandikwa na kufutwa, wala mafaili ya MP3, kwa hiyo ukijaribu kwa hizo unaweza kuikataa nzima ukidhani ni mbovu.

Kwa wauzaji nina ombi moja lisilo na gharama: andikeni namba ya kifaa kwenye risiti, na mpeni mteja siku tatu za kujaribu. Duka litakaloanza litawavuta wateja wa maduka mengine, maana kizuri chajiuza. Vyama vya wafanyabiashara vinaweza kukubaliana jambo hili katika kikao kimoja bila kusubiri sheria. Hata hivyo sheria ingesaidia, na sisi tulioingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tuna sababu ya kutaka iwe moja kutoka Mombasa hadi Bujumbura, kwa kuwa spea hizi hazijui mipaka.

Kwa shule za ufundi ombi langu ni zito zaidi. Kijana anayefundishwa kufungua boliti bila kufundishwa kusoma namba ya kifaa na mchoro wa waya amepewa nusu ya kazi. Na afundishwe kwa lugha atakayoitumia gereji. Huko Buyenzi mchoro huenda umeandikwa kwa Kijerumani au Kiingereza, kitabu cha shule ni cha Kifaransa, lakini fundi na mteja wake wanabishana kwa Kiswahili. Kamusi ndogo ya vipuri, ukurasa mmoja ubandikwe ukutani, ingeondoa ugomvi mwingi.

Baba mdogo hatimaye alipata chenja ya shaba, kutoka kwa fundi kijana aliyemtaka kwanza alete namba ya redio yake. Hakumwambia kuwa inaingia tu. Alimwambia, "Mzee, tuangalie kwanza." Maneno hayo ndiyo ningependa yaandikwe juu ya mlango wa kila duka la spea nchini, na mteja asiyeyasikia ageuke aende duka la pili.