Jean mbichi: alama za mvaaji ao mchanga wa kiwanda?

Jean nyingi zinazouzwa katika soko la Kadutu mjini Bukavu ao Birere mjini Goma zinamfikia mnunuzi zikiwa tayari zimezeeka. Za mitumba zilikwisha kuvaliwa Ulaya ao Marekani, na nyuma ya magoti zimebaki na mikunjo ya mtu ambaye mnunuzi hatamjua kamwe. Zile mpya nazo zimepaushwa mapajani, hata kutobolewa. Mtu anaongeza pesa ili auziwe tundu.

Huko Kojima, katika mkoa wa Okayama nchini Japani, kuna mafundi walioshika njia nyingine. Wanashona jean mbichi, yaani ile ambayo kitambaa chake hakijafuliwa hata mara moja tangu kutiwa rangi na kufumwa. Inakuwa ya buluu nzito, karibu nyeusi, na ngumu kama turubai. Majuma ya kwanza inabana kiuno, inachubua na kuacha buluu kwenye viatu na viti. Hata hivyo kuna watu duniani kote wanaoitafuta, na hawajapotea akili.

Siri iko katika rangi ya indigo. Uzi unachovywa mara nyingi, lakini rangi inakaa juu juu. Moyo wa uzi unabaki mweupe. Kila msuguano unakwangua buluu kidogo na weupe unatokea. Kwa hiyo simu inachora mstatili wake mfukoni. Mwenye pikipiki atapauka ndani ya mapaja, fundi wa vigae atapauka magotini. Baada ya mwaka mmoja, jean mbili zilizokatwa kitambaa kimoja hazifanani tena.

Zamani jean zote zilikuwa hivyo. Tarehe 20 Mei 1873, Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco, na Jacob Davis, mshonaji wa Reno, walipata hati ya uvumbuzi nchini Marekani kwa ajili ya vipande vya chuma vinavyokaza pembe za mifuko. Wateja walikuwa watu wa kazi ngumu, wakiwemo wachimba migodi. Uchakavu waliutengeneza wenyewe.

Baadaye viwanda vikaanza kuuza uchakavu huo, na hapo ndipo kuna lawama. Nchini Uturuki vijana walipewa mipira ya hewa ya kupulizia mchanga kwenye jean ili zipauke haraka. Vumbi liliingia mapafuni na kuwaletea silikosisi, ugonjwa usio na dawa. Kadhaa walikufa. Serikali ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009, na mwaka 2010 makampuni Levi Strauss na H&M yalitangaza kuiacha. Akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu Kamituga, wale wanaoitwa twangaises, hawahitaji kuelezwa vumbi la mawe ni kitu gani. Leo viwanda vingi vinatumia leza, jambo jema, lakini mnunuzi wa Goma hana njia ya kujua jean yake ilipaushwa namna gani.

Kweli, jean ya Kojima mara nyingi inapita dolari 200, bei ambayo mwalimu wa Uvira hawezi hata kuiwaza. Tena wapenzi wake wana mambo yao: wengine hawaifui kwa miezi sita na zaidi. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alivaa yake miezi 15 bila kuifua, na bakteria zilizopimwa zilikaribiana na zile za siku 13 baada ya kufua. Sawa, lakini Kanada hakuna vumbi jeusi la Nyiragongo. Jean ikichafuka ifuliwe, ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na ianikwe kivulini.

Wala si lazima kuagiza Japani. Anayechagua nguo sokoni anaweza kuacha zilizopaushwa na kutoboka, akatafuta iliyo nyeusi kuliko zote, nzito, isiyo na urembo. Wauzaji huziacha chini kwa sababu hazipendwi, na bei inapunguka. Mwanzoni itamsumbua kiunoni. Kisha, taratibu, pembe za kadi yake ya uchaguzi zitaanza kujichora kwenye mfuko wa nyuma.