Cheti cha amali bila kazi ni ulaghai

Tuache kuwadanganya watoto. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilianza kuingiza mkondo wa amali katika shule za sekondari. Wazazi wakaambiwa kijana atasoma Hisabati na Kiingereza huku akijifunza umeme, uashi, ushonaji au kilimo, amalize kidato cha nne akiwa na elimu kichwani na ujuzi mkononi. Ahadi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, na ndiyo maana sitanyamaza nikiona inaanza kuchezewa.

Ujuzi wa kazi hupatikana kazini. Chukua kuchomelea vyuma. Kitabu kitamweleza kijana umeme unavyoyeyusha chuma, na ni lazima ayajue hayo. Lakini ni fundi aliyesimama begani kwake atakayemwonyesha kwamba akiharakisha mkono chuma hakishiki, akichelewa bati linatoboka. Ni fundi atakayempa nyundo agonge lile ganda la juu, aone kama mshono chini yake umelingana au una matundu, na ukiwa na matundu amwambie: kata, rudia. Kisha kuna mteja aliyelipa nusu na anataka geti lake Ijumaa, na kuna kipimo kilichokosewa kwa sentimita mbili. Karakana ya shule haina mteja wala hasara.

Sasa tazama mafunzo ya vitendo yanavyoendeshwa katika vyuo vyetu vingi. Kijana anazunguka na barua mkononi, mlango hadi mlango, akiomba nafasi. Akiipata, anatumwa chai na kupanga mafaili. Wiki ya mwisho anakesha akijaza kitabu cha kumbukumbu cha wiki zote nane, kalamu moja, wino ule ule. Asubuhi msimamizi asiyejua hata jina lake anagonga muhuri, na muhuri huo tunauita uzoefu wa kazi! Tukiuhamishia mchezo huu sekondari, tutakuwa tumewaibia watoto wa maskini mara mbili: hawakupata muda wa kutosha wa kusoma kama wenzao wa mkondo wa jumla, na ufundi nao hawana.

Wala hatuwezi kusingizia ugeni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kazi iwe sehemu ya kusoma. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Fikra ilikuwa sahihi. Kilichoiua ni sisi: katika shule nyingi jembe likageuzwa adhabu ya mchelewaji, na mtihani wa mwisho ukaendelea kupima kalamu. Watoto si wajinga. Walisoma kile kilichokuwa kinawapa nafasi ya kuendelea, wakayaacha mengine.

Kwa hiyo nasema wazi: kazi ihesabiwe kwenye cheti. Kila mwanafunzi wa amali apelekwe kwa fundi au kampuni kwa muda uliopangwa kwenye ratiba, kwa mkataba unaotaja atakachojifunza na unaomlinda asigeuzwe kibarua wa bure, maana hawa bado ni watoto. Fundi aliyemfundisha ampe alama, na alama hizo ziweze kumfelisha. Ujerumani, tangu sheria yao ya 1969, mwanagenzi ana mkataba na mwajiri, analipwa posho, na siku moja au mbili za wiki yuko darasani. Hata Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) imekwisha kujaribu uanagenzi wa aina hii. Kinachokosekana ni nia ya kuufanya uwe wa wengi.

Najua kilio cha waajiri: gharama. Lakini waajiri wanalipa tayari tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa Julai 2023 hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na kwa miaka mingi VETA imekuwa ikipata theluthi moja tu ya fedha hiyo. Iliyokusanywa kwa jina la ujuzi irudi kwenye ujuzi! Imlipe mwenye gereji kwa vifaa vitakavyoharibika mkononi mwa mwanafunzi, imkatie kijana bima, impe nauli. Na mafundi wa mtaani wasiambiwe hawana vyeti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wao. Wapimwe, watambuliwe, wawe walimu.

Mwisho, mlango wa juu uwe wazi kweli. Binti aliyefunga nyaya za nyumba nzima na kufaulu Fizikia asizuiwe njia ya kuwa mhandisi. Siku mkondo wa amali utakapogeuka jalala la waliofeli, hakuna mzazi mwenye uwezo atakayempeleka mwanawe huko, na viongozi hawatausemea tena.

Mzazi, ukiitwa kwenye kikao cha shule usiridhike na picha za karakana mpya. Uliza: mwanangu atafanya kazi wapi, chini ya fundi gani, na kazi yake itahesabiwa vipi kwenye cheti? Usikae chini mpaka ujibiwe.