Nyumba Isiyopumua

Ikikamilika nyumba mpya mjini Dar es Salaam siku hizi, jamaa na majirani hualikwa kuja kuitazama. Watasifu vigae vya sakafuni, dari ya jipsamu iliyotiwa maua, na lango linalong'aa. Hatujamsikia hata mmoja akiuliza: upepo waingilia wapi, na joto latokea wapi? Kana kwamba nyumba ni picha ya kutundikwa ukutani, si mahali atakapolala mtu mwezi wa Februari.

Sisi twadai kwamba hilo ndilo swali la kwanza, na kwamba nyumba isiyoweza kulijibu haijakamilika, hata ikiwa imegharimu mamilioni.

Tulipata kuwa wageni katika nyumba ya namna hiyo. Mwenyeji wetu, mtu mkarimu, alifunga madirisha yote ili kiyoyozi kifanye kazi yake. Umeme ukakatika. Haikupita nusu saa, wageni, mwenyeji na sinia za pilau tulikuwa sote nje, chini ya mwembe.

Makosa ya nyumba ile yalikuwa wazi. Upande wake mrefu, wenye vioo vingi, umeelekezwa magharibi ili utazame barabara, na jua la alasiri huupiga mpaka machweo. Laiti ungeelekezwa kaskazini au kusini, upenu wa kadiri ungetosha kuutia kivuli, maana mchana jua letu hupita karibu na utosi. Madirisha ni ya alumini, ya kusukuma: dirisha la sentimita 150 hufunguka 75 tu, kwani kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake, wavu wa mbu nao hupunguza kilichobaki. Kila chumba kina dirisha upande mmoja, na upepo usio na pa kutokea hauingii. Huko juu, nafasi iliyo kati ya bati na dari haina hata tundu moja. Joto lililokusanyika humo mchana kutwa huwashukia watoto jioni, wakati wanapotaka kusoma.

Dawa iliyochaguliwa ni kiyoyozi. Kidogo cha chumbani huvuta karibu kilowati 1 kikifanya kazi. Pangaboi la darini huvuta wati 60 hadi 75. Tangu Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji lilipoanza kutoa umeme mwaka 2024, twaambiwa umeme sasa ni mwingi. Na uwe mwingi! Viko viwanda, zahanati na vijiji vinavyouhitaji kuliko joto tulilolialika wenyewe kwa matofali yetu.

Wako watakaosema kwamba twataka kuwarudisha watu kwenye makuti. La. Makuti huungua, na vyumba vingi vya kale vilikuwa na giza. Hatuna haja ya kuvililia. Lakini wazee wa pwani walijua jambo lisilojulikana na ramani hizi za kununua. Walijua kwamba kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Kiswahili hazikufika paani, ili hewa ya moto ipande na kupita juu ya vyumba. Ukumbi ulinyooka toka mlango wa mbele hadi uani. Elimu hiyo haikuandikwa vitabuni, na pengine ndiyo sababu tuliidharau upesi. Kuiga majumba ya vioo ya nchi za baridi, ambako kioo hualika jua kwa kuwa jua ni adimu, ni kasumba iliyo wazi kabisa.

Walimu waweza kuianza kazi hii bila fedha. Wawapeleke wanafunzi katika nyumba mpya saa nane mchana, wafungue milango na madirisha, wawashe kijiti cha udi katikati ya chumba, wautazame moshi. Ukikimbilia dirishani, mjenzi alifikiri. Ukipanda wima na kutanda darini, hakufikiri. Saa moja jioni waguse kwa kiganja ukuta wa magharibi, kisha ule wa kusini. Wayaandike waliyoyaona, na wampelekee mwenye nyumba kabla hajanunua kiyoyozi.