Mzigo Mzito Usipewe Amplifaya Dhaifu

Bonasi ya majani chai iingiapo, wapo miongoni mwetu hapa Sironga wanaokwenda Kisii mjini kununua vyombo vya muziki vya nyumbani. Spika huchaguliwa kwa ukubwa wa sanduku, na amplifaya kwa tarakimu zilizoandikwa usoni pake. Kwa maoni yangu, huko ni kulipoteza jasho la mkulima.

Tarakimu hizo aghalabu ni za PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, isiyo na kipimo kinachokubaliwa na wote. Mnunuzi mwerevu huuliza wati za RMS ambazo amplifaya huweza kuzitoa mfululizo, tena kwa spika ya omu ngapi.

Omu ndizo kiini cha jambo hili. Kadiri zinavyopungua, ndivyo spika inavyodai umeme zaidi. Volti 20 zikipelekwa kwa spika ya omu 8, hupita ampea 2.5, nazo ni wati 50. Kwa spika ya omu 4, volti zizo hizo hupitisha ampea 5, yaani wati 100. Aunganishaye spika mbili za omu 8 sambamba amejitwika mzigo wa omu 4, pengine bila kujua.

Isitoshe, ziko spika zilizo nzito kuitika. Ile yenye desibeli 84 kwa wati moja huhitaji wati mara nne ya zile zinazotakiwa na yenye desibeli 90, ili zilingane kwa sauti.

Watakuwapo wanaodai kwamba amplifaya ndogo ni salama, kwa kuwa haina nguvu za kuunguza spika. Sikubaliani nao. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na ukali unaozaliwa hapo huweza kuiunguza spika ndogo ya sauti nyembamba. Hata obokano, ambayo utamu wake umo katika nyuzi nene, itasikika kama kopo linalogongwa.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, geuza sanduku usome omu kabla ya kutoa pesa. Mwambie muuzaji acheze muziki kwa sauti utakayoitumia nyumbani. Naye muuzaji asiyejua wati za kweli za bidhaa yake hastahili shilingi yako. Wahenga hawakukosea waliposema mzigo mzito mpe Mnyamwezi.